UKURASA WA FUNDI: Namna ya Kupata Vipuri vya Redio na Vinanda vya Zamani

Juma hili nataka kumjibu msomaji mmoja, mkulima, aliyerithi kwa marehemu baba yake redio ya kale ya betri, yenye valvu nne. Asema ya kwamba ameipeleka kwa mafundi watatu mjini. Wa kwanza alicheka. Wa pili alimwambia kuwa valvu zimekwisha duniani, akanunue redio mpya. Wa tatu alitaka kuyatoa matumbo yote ya redio ile na kutia ndani yake kijimashini cha FM, sanduku libaki kama lilivyo, na kwa kazi hiyo alitaka shilingi elfu nne. Bwana huyu hana haja ya FM, maana anayo katika simu yake. Alitakalo ni kuisikia redio ya baba yake ikinena kwa koo lake yenyewe. Auliza: je, vipuri vyapatikana, au ndio mwisho wake?

Vyapatikana. Havipatikani vyote, wala havipatikani katika duka moja, na vingine vyataka subira ya miezi. Lakini kabla hujatafuta kipuri yakupasa kujua ni kipi kilichokufa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Mtu hununua valvu nne kutoka ng'ambo, hulipa na ushuru wa forodha, kisha redio hubaki kimya vilevile, kwa kuwa valvu zilikuwa nzima tangu mwanzo na ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Basi neno la kwanza ni hili: redio ya valvu iliyokaa miaka ishirini katika dari, usiitie umeme ili kuona kama yafanya kazi. Hata ukiwa na hamu namna gani, usiitie. Ndani yake mna vitu vidogo mfano wa mishumaa, navyo ni kondensa za karatasi, ambazo siku hizi huitwa kapasita. Vilitengenezwa kwa tepe za karatasi na madini membamba yaliyokunjwa pamoja na kupakwa nta. Kwa miaka mingi karatasi hunywa unyevu wa hewa, na kondensa iliyopaswa kuzuia umeme wa betri usipite huanza kuupitisha. Kondensa moja hasa ni ya kuogopwa: ile ikaayo kati ya valvu ya kukuza sauti na gridi ya valvu ya mwisho, yaani ile iendeshayo spika. Hiyo ikivuja hata kidogo, valvu ya mwisho hunywa umeme kupita kiasi chake, huwa moto sana, na mwisho huiunguza transfoma ya spika. Kondensa yenyewe bei yake ni ndogo kuliko ya soda. Transfoma ya spika ni vigumu kuipata mpya, nawe pengine utalazimika kuisokota upya, au kuichukua katika redio nyingine iliyokufa.

Hapo waona jinsi mambo yalivyo. Vitu vinavyokufa mara nyingi ndivyo vilivyo rahisi kupatikana, na vile visivyopatikana aghalabu havifi ila kwa uzembe wa mtu. Koili za kushikia mawimbi, kondensa kubwa ya kuzungushia stesheni, kioo chenye majina ya miji, vifundo vya mbele, hivi ni vigumu mno kuvipata vipya. Lakini ukivitunza vitakaa miaka mia.

Kondensa za karatasi, basi, zitolewe zote. Mahali pake tia za plastiki, zile ndogo za rangi ya manjano au nyekundu, zilizoandikwa volti 630. Zauzwa Luthuli Avenue mjini Nairobi na katika kila mji wenye duka la vifaa vya umeme. Usitishwe na hesabu zake. Ya zamani yaweza kuandikwa 0.05, na muuzaji akakuambia kwamba hana ila 0.047, ichukue, maana zile za kale zenyewe zilipotoka kiwandani zilikosea hesabu kwa asilimia 20 au zaidi. Kadhalika zile kubwa za kopo, zenye maji ya dawa ndani, zilizoandikwa 8 au 32: siku hizi utapewa 10 na 33, zafaa kabisa, mradi volti zake zisiwe chini ya zile za kwanza. Lakini ile iliyo karibu na valvu ya kunyosha umeme usiizidishe sana kwa kudhani kuwa kubwa ndiyo bora. Utaichosha valvu hiyo bure. Na kabla ya kuigusa yo yote ya kopo katika redio ya umeme wa nyumba, itoe umeme wake kwanza kupitia rezista, kwani huuweka hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Wengine huzigonga kwa bisibisi mpaka cheche ziruke. Hiyo ni tabia ya kishenzi, tena huiharibu kondensa.

Rezista za kale nazo hupanda hesabu kwa uzee. Iliyokuwa omu 100,000 utaikuta imekuwa 180,000. Kuzisoma kwake kuna mtego. Hazikuwa na mistari ya rangi kama hizi za leo, bali rangi zilipakwa hivi: rangi ya mwili wote ni tarakimu ya kwanza, rangi ya ncha ni tarakimu ya pili, na doa la katikati ni idadi ya sifuri. Mwili wa kahawia ni 1, ncha nyeusi ni 0, doa la manjano ni sifuri nne: jumla 100,000. Nimeona fundi kijana, tena hodari, akiitupa rezista ya namna hiyo kwa kuwa hakuona mistari, akatia nyingine kwa kubahatisha.

Sasa nije katika valvu, maana ndizo zinazowatisha watu. Si kweli kwamba zimekwisha duniani. Viwanda vya kuzitengeneza vipo hata leo: huko Čadca katika nchi ya Slovakia kiko kiwanda cha JJ Electronic, huko Saratov nchini Urusi kiko kingine, na Uchina kadhalika. Nchini Marekani, katika mji wa Rossville, jimbo la Georgia, Western Electric hutengeneza valvu iitwayo 300B. Wateja wao wakubwa ni wapiga gitaa na wapenda muziki wenye fedha, kwa hiyo valvu zitengenezwazo leo ni za vikuza sauti: ECC83, EL34, EL84 na nduguze. Ukiwa na kikuza sauti cha zamani cha kanisa au cha bendi, wewe una bahati. Valvu zako ni mpya kutoka kiwandani.

Valvu za redio hasa, zile za kubadili mawimbi na za kukuza mawimbi, ni akiba za miaka iliyopita. Nyingi zimelala katika masanduku yao tangu miaka ya 1940, 1950 na 1960, hazijapata kutiwa umeme hata mara moja. Hizo za redio za betri, kama za msomaji wetu, zilitengenezwa kwa wingi mno wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa ajili ya redio ndogo za askari, na ndiyo sababu mpaka leo bei yake ni ya chini kuliko udhaniavyo.

Ila uzijue kwa majina yake yote. Valvu moja ina jina la Ulaya, na jina la Marekani, na pengine jina la jeshi. Mtu atafutaye DK91 kwa jina hilo tu huacha kuziona zote zilizoandikwa 1R5, na kumbe ni valvu ileile. DF91 ni 1T4. DAF91 ni 1S5. DL92 ni 3S4. Katika zile za umeme wa nyumba, ECC83 ni 12AX7, EL84 ni 6BQ5, EL34 ni 6CA7, GZ34 ni 5AR4. Mara nyingi moja ya majina hayo huwa na bei kubwa na jingine huwa na bei ndogo, kwa sababu wanunuzi hufuata sifa ya jina.

Majina ya Ulaya yana maana, nayo yafaa kuyajua kama mkulima ajuavyo majina ya mbegu. Herufi ya kwanza yaeleza umeme wa kuiwasha: D ni volti 1.4, yaani betri. E ni volti 6.3, U ni zile ziwashwazo kwa mfuatano moja kwa moja kutoka umeme wa nyumba. Herufi zifuatazo zaeleza kazi: A ni dayodi moja, B ni dayodi mbili, C ni trayodi, F ni pentodi ya kukuza, H na K ni za kubadili mawimbi, L ni ya kuendesha spika, Y na Z ni za kunyosha umeme, na M ni lile jicho la kijani lionyeshalo kwamba stesheni imeshikwa barabara. Tarakimu ya kwanza yaeleza kitako: 3 ni kile kikubwa cha pini nane, 8 ni cha pini tisa, 9 ni kidogo cha pini saba. Basi hata kama maandishi yamefutika nusu, ukisoma DAF na kuona pini saba, waweza kujua unachokitafuta.

Herufi ile ya U nataka uikumbuke kuliko zote, si kwa ajili ya vipuri bali kwa ajili ya maisha yako. Redio yenye valvu za UCH, UBC, UL na UY mara nyingi haina transfoma ya kuitenga na umeme wa nyumba. Upande mmoja wa waya wa ukutani umeungwa moja kwa moja na chasisi, yaani lile bati lote lililobeba vitu. Ukiichomeka kinyume, bati zima lina volti 240, na wewe umelishika. Kifundo kikivunjika, msumari mdogo wa ndani yake wagusa bati hilo. Hapo zamani kiwanda kilikuwa kikiziba tundu la msumari huo kwa nta, na nta hiyo imekwisha kutoka zamani sana. Kwa hiyo redio ya namna hii isiguswe ndani na mtu asiyekuwa na transfoma ya kutenga umeme mezani kwake. Mwulize fundi wako kama anayo. Akikuuliza ni kitu gani, chukua redio yako ukaondoke.

Na kwa redio zote za umeme wa nyumba, siku ya kuijaribu baada ya matengenezo, funga taa ya wati 60 katika mfuatano wa waya mmoja, taa ya uzi wa kale, si hizi za LED. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, pana hitilafu ndani, na taa imebeba msiba ambao ungelikuwa wa transfoma. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea.

Katika kununua valvu, tahadhari na mambo mawili. La kwanza, tazama doa la rangi ya fedha lililo ndani ya kioo, juu au ubavuni. Likiwa ling'aavyo kama kioo cha kujitazamia, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, valvu imekufa, hata sanduku lake likiwa jipya namna gani. La pili, jina lililoandikwa si ushahidi. Wako watu wafutao maandishi na kupiga chapa nyingine ya fahari juu yake. Tena liko jambo la halali lichanganyalo wengi: jina la Mullard, ambalo zamani lilikuwa la valvu za Kiingereza zilizotoka kiwanda cha Blackburn katika Lancashire, lilikuja kununuliwa na wengine, na valvu zilizouzwa kwa jina hilo katika miaka hii ya 2000 zimetoka Saratov. Si mbaya, lakini si zile za kale, wala zisikuuzie kwa bei ya zile. Yatazame matumbo ya valvu kupitia kioo, uyalinganishe na ile uliyonayo.

Huu udanganyifu uko hata kwetu. Zimepata kuonekana kondensa kubwa za kopo ambazo ukizipasua wakuta kondensa ndogo ndani, imevikwa koti la nduguye. Zipime mkononi, kubwa ikiwa nyepesi kama ganda la yai, irudishe.

Nirudi kwa msomaji wetu na redio yake ya betri. Redio za namna hiyo zina historia njema katika Afrika. Mwaka 1949, Bwana Harry Franklin, aliyekuwa mkubwa wa idara ya habari huko Lusaka, alifanya shauri na kampuni ya betri ya Ever Ready, ikatengenezwa redio ya valvu nne iliyowekwa ndani ya chombo cha duara cha alumini, ambacho kwa asili kilikuwa sufuria. Watu wakaiita Redio ya Sufuria. Ilinunuliwa kwa pauni 5, na betri yake ilidumu kadiri ya saa 300. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi wa vijijini wasio na umeme kuwa na redio yao wenyewe. Redio ya marehemu baba yake ni ya ukoo huohuo, hata kama sanduku lake ni la mbao.

Betri yake ya asili haiuzwi tena, na hili ndilo lililowafanya watu kuzitupa redio hizi zilizo nzima. Lakini betri si muujiza; ni volti tu. Redio nyingi za valvu za DK91 na wenzake hutaka umeme wa namna mbili: volti 1.5 za kuwasha valvu, na volti 90 za kazi. Betri kumi ndogo za volti 9, zikifungwa mmoja nyuma ya mwingine, jumla yake ni 90. Zile volti 1.5 zatoka katika betri moja kubwa ya tochi. Valvu tatu hunywa elfu moja ya ampea mara 50 kila moja, na ya mwisho mara 100; jumla ni robo ya ampea, kwa hiyo betri nzuri ya tochi itadumu kadiri ya saa arobaini. Zile kumi zitadumu kama hizo au zaidi kidogo, maana redio hunywa kidogo sana upande huo. Si rahisi kwa fedha. Kwa kusikiliza kila siku, afadhali fundi atengeneze kisanduku cha kuziongeza volti kutoka betri ya kuchaji. Lakini kwa kuisikia siku ya Jumapili na wazee, betri kumi zatosha.

Angalizo moja. Ukizigeuza nyaya, ukapeleka volti 90 mahali pa volti 1.5, valvu zote nne zitaungua kwa pamoja kabla hujatoa mkono wako. Soma kitako cha redio, fuata waya mpaka pini za valvu, uhakikishe mara mbili, ndipo ufunge. Na kabla ya hayo yote, zijaribu nyuzi za valvu kwa mita, kila moja peke yake. Uzi uliokatika hauna dawa. Uzi mzima ni nusu ya safari.

Wako wasomaji wenye redio za transista za miaka ya 1960, nao wasidhani kwamba habari hizi si zao. Redio nyingi za Ulaya za miaka hiyo zina transista za AF114, AF115, AF116 na AF117, vikopo vyembamba vyenye miguu minne. Ndani ya vikopo hivyo, kwa miaka mingi, humea nywele za bati, nyembamba kuliko unywele wa mtoto, zikitoka katika ukuta wa kopo mpaka kuigusa transista yenyewe. Redio hunyamaza. Mguu mmoja kati ya ile minne ni wa kopo tu; ukiukata mguu huo, mara nyingine redio hufufuka papo hapo. Isipofufuka, tafuta AF124 hadi AF127, ambazo ni za jamii hiyo katika kopo jingine. Usikubali fundi akutilie transista za kisasa za silikoni bila kubadili rezista zake, kwani zile za kale ni za jerimani, zaamka kwa volti 0.2 hivi, na hizi za leo zataka 0.6.

Mahali pa kutafuta. Nimetaja Luthuli Avenue kwa vitu vipya. Kwa vitu vya kale, nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nenda Gikomba, na walio Uganda waende Katwe mjini Kampala, ambako mafundi hutengeneza kila kitu. Usiende mikono mitupu. Chukua kipuri chenyewe, au picha yake katika simu. Tena piga picha nyingi za redio kabla hujakata waya hata mmoja. Uliza katika ghala za shule za zamani na za misheni, ambako vikuza sauti na redio zilizokufa hukaa chini ya madawati yaliyovunjika kwa sababu hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuzitupa. Redio iliyokufa ya namna moja na yako ndiyo duka bora kuliko yote: ndani yake mna transfoma, koili, vifundo na kioo, vyote kwa bei ya bati.

Na hapa nataka kusema neno juu ya yule fundi wa tatu. Simlaumu kwa njaa yake. Kubadili kondensa kumi na tano, kupima rezista moja moja na kutafuta valvu ni kazi ya siku mbili au tatu, na mteja hutaka kumlipa kama ya saa moja. Kutia kijimashini cha FM ni kazi ya asubuhi moja. Lakini yale matumbo aliyotaka kuyatoa angeyapeleka wapi? Yangeuzwa kwa kilo. Koili zile hazitasokotwa tena, na mtu mwingine, aliyeko Nyeri au Kisumu, mwenye redio ya namna hiyohiyo iliyokatika koili moja, naye angekosa. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba mpatane na fundi bei ya kazi peke yake, kwa siku, na vipuri uvinunue wewe mwenyewe kwa karatasi ya orodha aliyokuandikia. Ndipo atakapokuwa hana sababu ya kuharakisha, wala ya kukutilia kitu duni. Na vyote alivyovitoa akurudishie katika mfuko, hata vilivyokufa.

Atasikia nini redio hiyo ikiisha kupona? Hili ni swali la haki. Redio za kale zashika mawimbi ya kati na mafupi tu, na stesheni nyingi za kwetu siku hizi ziko katika FM. Usiku, katika mawimbi mafupi, bado zasikika sauti za mbali. Zaidi ya hayo, redio nyingi za mezani zina matundu mawili nyuma yaliyochorwa alama ya gramafoni. Hayo yaliwekwa ili kupitisha muziki wa santuri katika spika ya redio. Waweza kuunga simu hapo na kusikia taarabu au habari kwa sauti ileile nzito ya kale. Lakini hii ni kwa redio zenye transfoma au betri tu. Redio ya herufi U usiiunge na simu kamwe, labda kwa transfoma ndogo ya kutenga iliyofungwa na mtu ajuaye.

Karani mmoja wa Mombasa naye ameuliza juu ya gramafoni ya mkono, HMV 102, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, na juu ya santuri za bibi yake. Kwa ufupi, vipuri vya mashini hizo ni rahisi kuliko vya redio, kwa kuwa ziliuzwa nyingi mno na wapenzi wake wamejaa duniani. Kamani mpya zapatikana. Ila kamani ya zamani usiitoe katika kikombe chake kwa mikono mitupu, kwa maana hurukia uso na kukata kama panga. Mpira ulio katika kichwa cha sauti, unaokishika kile kiwambo chembamba, kwa kawaida umekauka na kuwa mgumu kama kuni, na ndiyo sababu ya sauti kukwaruza; mirija mipya laini huuzwa kwa ajili hiyo. Sindano za chuma bado zatengenezwa. Sindano moja ni kwa upande mmoja wa santuri, kisha huitupa. Mtu abanaye sindano huilipia kwa santuri, kwani ncha iliyochakaa huchonga mfereji kama jembe butu.

Wala asizipige santuri hizo katika mashini mpya za kuchomeka kwa umeme kabla hajaiangalia sindano yake. Mfereji wa santuri za mizunguko 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko wa zile za plastiki zilizoanza Marekani mwaka 1948. Sindano ya hizo mpya hutambaa chini ya mfereji mpana kama mtoto ndani ya handaki, ikizoa vumbi badala ya muziki. Na sindano ya gramafoni ya chuma juu ya santuri ya plastiki ni uharibifu mtupu. Kichwa chenye sindano ya 78 huuzwa peke yake. Muuzaji aulizwe kwa namba hiyo.

Juu ya kuzisafisha, karani huyo asema amenunua spiriti. Asiitumie. Santuri za mizunguko 78, kama zile alizoimba Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa lakiri, nao huyeyuka katika spiriti kama sukari katika chai. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini kifuatacho duara la mifereji, karatasi ya katikati isilowe, kisha zikaushwe zimesimama kivulini.